Chemba ya Uani Siku ya Kuanua Tanga

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alitoa hukumu yake akiwa amenyoosha miguu kwenye mkeka uani kwetu, anachambua karanga. Hakupandisha sauti. Alisema kesho, siku ya kuanua tanga la mama yangu, ugali atausonga binti yake, kwa kuwa kazi yangu mimi inajulikana na wageni wanatoka mbali. Wanawake waliomzunguka wakainamia karanga zao kwa bidii ya ghafla. Nilikuwa mlangoni pa jiko na ndoo ya maji mkononi, nikasikia kila neno, na ndivyo alivyotaka.

Katika ukoo wetu, ugali wa siku ya mwisho ya matanga husongwa na binti wa kwanza wa marehemu, na safari hii binti huyo ni mimi. Wakwe watapika nyama, majirani watapika wali kwenye masufuria ya kuazima, lakini ule ugali mmoja, unaowekwa mbele ya watu kabla ya chakula kingine chochote, ni wa binti. Kila mtu wa ukoo anamega tonge lake, ndipo wengine wanakula. Shangazi mwenyewe aliusonga wa bibi, na hajawahi kutuacha tusahau. Ukinyimwa mwiko siku hiyo, umeambiwa mbele ya watu wote kwamba marehemu hakuwa mama yako. Niliweka ndoo chini.

"Shangazi, mama ni wangu. Ugali nitausonga mimi."

"Mwanangu, hakuna aliyekunyima mama," alisema bila kuinua macho. "Tumekunyima sufuria."

Baba alikuwa barazani na wazee wenzake wa kanisa. Alisikia. Alikohoa tu, kisha akaendelea na habari za mvua. Kile kikohozi kiliniuma kuliko maneno ya dada yake.

Mimi ni fundi wa majitaka. Jina la kazi yangu nalitamka hivyo hivyo, bila kulipaka mafuta. Kuna ndugu zangu wanaosema "yuko kwenye maji," utadhani nauza samaki. Aliyewahi kunichumbia aliniomba niwaambie wazazi wake huko Nzega kwamba mimi ni karani. Nikamwambia nitawaeleza mwenyewe ninachofanya, na wakipenda waninunulie gambuti za harusi. Uchumba ukaishia stendi ya mabasi, na nilirudi nyumbani nikala vizuri tu.

Watu wengi hapa mjini wana mashimo, na likijaa shimo huitwa gari la kunyonya. Lakini baadhi ya mitaa ya katikati, nyumbani kwetu pakiwemo, imeunganishwa na bomba. Maji ya choo, ya bafu na ya jikoni yanaingia kwenye chemba ya uani, kile kisanduku cha zege chenye mfuniko, yanashuka hadi chemba ya barabarani, mbele zaidi yanakutana na ya jirani, na ya nyumba ya wageni, na ya shule, kila bomba likimwaga kwenye bomba nene zaidi. Hakuna anayeyasukuma. Yanakwenda kwa mteremko, na mteremko wenyewe ni wa kutafuta, maana mji wetu umelala tambarare. Waliochimba ile mitaro ilibidi wapime kwa subira, kwani ukikosea kidogo tu maji yanasimama, na maji yakisimama kila kilichomo kinatua. Kazi yetu kubwa ni kuhakikisha hayasimami.

Mwisho wa safari ni mabwawa, nje ya mji. Bwawa la kwanza lina kina kirefu na rangi nyeusi, nalo ndilo lenye harufu. Uchafu mzito unazama humo, na vijidudu visivyohitaji hewa vinautafuna taratibu huko chini. Maji yanayobaki juu yanahamia bwawa la pili, pana na la kijani, ambako jua na mwani vinagawana kazi. La tatu halina haraka. Maji yanakaa humo yakipigwa na jua mpaka vimelea vinavyotuuguza vife, ndipo yanaachiwa yaende mbugani. Hatuna mtambo unaonguruma. Tuna fyekeo la majani ya kingoni, reki ndefu ya kuvuta takataka zinazoelea, na macho. Bwawa la kijani likianza kugeuka rangi, najua kuna mtu mjini amemwaga asichopaswa kumwaga.

Wageni wanaokuja kutazama njia ya misafara hupelekwa Kwihara, kwenye tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa alimokaa mzungu mmoja msafiri wa zamani, wakaambiwa habari za pembe za ndovu na wapagazi. Ukoo wetu umetoka hapo hapo Kwihara, shamba la babu lilikuwa jirani na hilo tembe, kwa hiyo hadithi hizo nimezisikia mpaka nimezichoka. Watu wasiohesabika walipiga kambi huku miezi kwa miezi, wakingoja vita viishe au mvua zikatike. Sijawahi kumsikia mwongoza wageni akieleza wote hao walijisaidia wapi. Niliwahi kumwuliza mmoja. Akacheka, akaangalia saa yake. Mji huu unasimuliwa kama mji wa watu waliokula, wakabeba mizigo, wakafa, bila hata mmoja wao kwenda chooni. Miembe ya tangu enzi hizo ingalipo, na mizizi yake inayapenda mabomba yetu ya zamani: inapenyeza uzi mwembamba kwenye kiungo, inakunywa, inanenepa, mpaka bomba linaziba. Nimeshaikata mingi kwa mikono hii.

Mama ndiye pekee nyumbani aliyetaka kuona. Alikuja mabwawani Jumamosi moja amevaa kitenge chake cha kwaya, kana kwamba amealikwa. Nilimtembeza kuanzia bwawa la kwanza. Akaziba pua kwa ncha ya kitenge na hakuona haya kuiziba. Tulipofika la tatu aliachia kitenge. Kulikuwa na bata maji, na ndege wengine wenye miguu mirefu nisiowajua majina. Akawatazama mmoja mmoja.

"Kumbe yanapona," alisema.

Kisha akaniuliza kama nimekula. Alipougua, nilikuwa natoka kazini, naoga, namlisha uji kijiko kwa kijiko, na siku alizokataa kijiko alikubali vidole. Shangazi alikuja kumwona, akaleta sabuni na sukari, akaomba sala nzuri, akaondoka. Mama alikula mkononi mwangu mpaka alipoacha kula. Shangazi alilijua hilo. Kwa hiyo aliponiambia sifai kushika sufuria ya matanga ya mama, sikuona desturi wala usafi ndani yake, niliona ukatili, na bado naona hivyo.

Asubuhi ya kuanua tanga niliamka nikakuta wanawake wameinamia masufuria makubwa ya kuazima, meusi kwa masizi, wanayasugua kwa mchanga na majivu. Hakuna kinachong'arisha sufuria kama mchanga na majivu, hilo silibishi, bibi zetu walijua walichofanya. Lakini bibi zetu walimwaga shambani. Hawa walikuwa wameubandua mfuniko wa chemba ya uani kwa jembe, na kila sufuria iliyotakata, maji yake na mchanga wake yalikwenda humo, pamoja na ukoko wa jana.

Shida ya watu wetu na chemba ni kwamba wamelelewa na shimo. Shimo la choo linameza. Unalitupia magunzi, majivu, kandambili iliyokatika, nalo linanyamaza kwa miaka. Sasa wakiona mfuniko wa chemba wanadhani ni shimo lenye heshima zaidi. Ukiwaambia hapa chini hakuna shimo, kuna bomba ambalo mkono wako unaweza kuliziba, wanakutazama kama unawanyima kitu chao.

"Mama zangu, shikamooni," nilisema. "Huo mchanga mwageni kwenye migomba. Humo utaziba."

"Marahaba," wakaitikia, na mmoja akasimamisha ndoo.

"Mwaga," shangazi akamwambia kutoka mkekani. Kisha akanigeukia. "Ya kazini kwako fundisha kazini. Hapa ni msibani."

Nilikwenda kuvaa nikaenda ibadani. Ningeweza kubishana, lakini nilikuwa naweka nguvu zangu kwa ajili ya mwiko. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nikirudi nitakwenda moja kwa moja jikoni, na atakayetaka kuniondoa aniondoe kwa kunibeba.

Tuliporudi, wageni wakaanza kujaa. Walikuwepo watu wa Kwihara, ndugu wa Urambo, wanakwaya wenzake mama, na wenzangu wa kazini, wamepiga pasi mashati yao mpaka nikashindwa kuwatambua. Nyumba tatu za nyuma yetu, ambazo maji yao hupitia kwenye chemba yetu ya uani, zilikuwa zimepokea wageni wa msiba pia, na kila mgeni alitaka kunawa na kuingia maliwatoni. Maji yakaanza kuchungulia pembeni mwa mfuniko wa chemba ya uani. Muda si mrefu yakaacha kuchungulia. Yalitoka meusi, na harufu yake mnaijua, yakashika njia kuelekea kwenye meko, mahali nyama na wali vilipokuwa vinaiva.

Wanawake wakakusanya kanga zao na kurudi nyuma. Shangazi alinifuata mlangoni akitembea kwa vidole vya miguu.

"Mwanangu, si ndiyo kazi yako hiyo."

"Ndiyo kazi yangu, shangazi. Ila leo nina ruhusa ya msiba."

Alidhani natania. Nikaketi kwenye kigoda. Yale maji yalikuwa yanapita katika ua wa mama yangu, na kila sekunde niliyokaa nilijiona kama ninayemtukana. Lakini nilikaa.

"Nitazibua," nilimwambia. "Kisha nitaoga, na nitausonga ugali wa mama. Sema hapa, mbele ya baba."

Baba alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Zibua kwanza," shangazi alisema.

"Sema kwanza."

Maji yalifika kwenye jiwe la kwanza la meko, moto ukatoa moshi mweupe.

"Haya. Utausonga."

Niliinuka kabla hajamaliza. Mwenzangu mmoja, dereva wa gari la kunyonya, alikuwa ameshawasha pikipiki kwenda kuchukua fito za kuzibulia na gambuti zangu. Nilivaa ovaroli juu ya gauni la ibada, tukaenda kufungua chemba ya barabarani. Ilikuwa karibu kavu, kwa hiyo kizuizi kilikuwa kati yake na ile ya uani. Ukishajua hivyo unafanyia kazi chini, kwenye ukavu, unasukuma fito kurudi juu. Anayeanzia juu ataoga bila kupenda. Tuliacha mfuniko wazi kwanza ili hewa mbaya itoke, na hakuna aliyeingiza kichwa. Tukaweka wavu chini, maana ule mchanga ukiuachia uende zake unakuzibia mbele zaidi, kwa watu ambao hata hawakualikwa msibani.

Fito ziliungwa moja baada ya nyingine mpaka zikagota. Pale zilipogota palikuwa pagumu kama sakafu. Mchanga na majivu vilikuwa vimeshikana, na ndani yake ukoko wa wali, kokwa za embe, na kipande cha kanga kilichotumika kusugulia. Tulisukuma, tukazungusha, tukavuta, tukasukuma tena. Watu wa mtaa walikuja kutazama wakiwa wameziba pua. Niliwaacha watazame. Mwishowe kitu kikalegea huko ndani, nikaruka pembeni, na maji ya nyumba nne yakapita kwa kishindo na kuendelea na safari yao kwenda mabwawani. Sijawahi kuona aibu kwa sauti ile. Ni sauti ya mji unaopumua.

Tukachota mchanga kwa sepetu, tukaufukia mbali, tukamwaga maji na dawa uani. Kisha nikaoga. Nilioga kwa maji ya moto na sabuni, nikasugua kucha kwa brashi, nikavaa kitenge ambacho mama alininunulia mwenyewe. Niliingia jikoni nikiwa nimekunja mikono ya blauzi.

Ugali ulikuwa tayari. Binti wa shangazi alikuwa anapangusa jasho, mwiko uko mkononi, na shangazi anafunika sufuria kwa sinia.

"Wageni wana njaa, mwanangu," alisema. "Hatukujua utachukua muda gani."

Nilimchukia. Sitasema vinginevyo kwa sababu ni shangazi. Alikuwa ametumia mikono yangu kuokoa karamu yake, na nilipokuwa nimeinama barabarani akaninyima kile alichoniahidi mbele ya baba. Binti yake alishindwa kunitazama. Nilipita katikati yao, nikachukua sufuria ya mama, ile aliyopikia kila siku, yenye mkono mmoja uliokatika. Nikachukua unga wake, mahindi na muhogo kidogo, kama alivyouchanganya yeye. Nikatoka uani, nikapanga mafiga matatu karibu na mpapai, nikawasha moto wangu.

"Huo ataula nani?" shangazi akauliza, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka barazani.

"Mimi nitaula. Asiyetaka asile."

Wakati maji yangu yanachemka, aliingia jirani yetu, mama mmoja wa Kigogo aliyeolewa mtaani kwetu. Wagogo ni watani wetu tangu wapagazi wa Kinyamwezi walipokatiza nchi yao na mizigo vichwani, na siku ya kuanua tanga mtani ana ruhusa ya kufanya vituko vyovyote, na kumkasirikia ni aibu. Alikuwa amejipaka mkaa usoni na kuvaa koti la baba mbele nyuma. Alilia kilio cha uongo kwamba marehemu ameondoka na chumvi yake. Watu wakacheka, wakahitaji sana kucheka. Kisha yeye na mtani mwenziwe wakaingia jikoni, wakaibeba sufuria ya shangazi na sinia lake juu, wakatoka nayo getini, wakaenda kuifungia nyumbani kwake.

Shangazi alimfuata mpaka kizingitini.

"Mtani, wageni wana njaa. Sema unataka nini."

"Mbuzi dume," yule mama alijibu, amekaa mlangoni pake na ufunguo kifuani. "Tena awe anajua Kigogo. Mlipokuwa mnapita kwetu mkiomba maji, mbona mlijifunza upesi?"

Watu husema mpaka leo kwamba nilimtuma. Sikumtuma. Nilimwuliza baadaye, akaniambia alichukua sufuria iliyokuwa karibu na mlango.

Shangazi alibembeleza, akacheka kicheko cha kulazimisha, akaahidi kuku. Mtani akakataa kuku. Na nyama ilikuwa imeiva, wali umeiva, nsansa, mboga yetu ya majani makavu, inanukia karanga, wageni wamekaa kwenye mikeka mikono mitupu, kwa kuwa hakuna anayekula kabla ya ule ugali. Mimi nilikuwa nasonga. Nilisonga nikiwa nimepiga goti moja, sufuria nimeibana kwa mguu, na nilijua kwamba ua mzima unausikia mwiko wangu.

Niliupakua kwenye sinia nikaupeleka katikati. Hakuna aliyesogea. Nilisimama hapo na jasho langu, na nilikuwa tayari kuula peke yangu mbele yao mpaka uishe.

Baba aliinuka. Akanawa, akakaa chini kwa taabu ya magoti yake, akashukuru kwa maneno machache, akamega. Hakunieleza chochote, si siku ile wala baadaye, na bado nayasubiri maneno yake. Lakini alimega, na wakaja watu wa Kwihara, na ndugu wa Urambo, na binti wa shangazi ambaye alimega tonge kubwa kuliko wote.

Shangazi alibaki. Mtu wa ukoo asipomega amejitoa mwenyewe, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Alikuja akakaa mbele ya sinia, akavuta tonge dogo ukingoni, akachovya. Alitafuna polepole. Watu wote walikuwa wanazungumza mambo mengine, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza mwenzake.

"Mgumu," alisema mwishowe. "Umezidisha unga."

Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lolote isipokuwa hilo. Ndilo analomwambia kila binti wa ukoo wetu aliyewahi kushika mwiko mbele yake. Sikuwa nimelia tangu tumzike mama. Nilikuwa na hasira nyingi mno hata nikashindwa kulia. Sasa machozi yalinitoka mbele ya watu wote, na sikuyafuta.

"Mama aliupenda hivyo, shangazi," nilimwambia. "Sitaulegeza."

Alinyoosha mkono kwenye sinia, akamega tena.